Kidole cha Fundi wa Umeme

Fundi aliyetutia nyaya upya nyumbani kwetu ughaibuni, mtaa wa Balsall Heath, mwaka wa sabini na tatu, alikuwa na kidole kidogo kilichojaa makovu membamba, kama kibao cha kukatia vitunguu. Kila bomba la chuma la kupitishia nyaya alilolikata alilipiga tupa, kisha akakitia kidole kile kwenye mdomo wa bomba, akafumba macho, akakizungusha polepole. Kikikwaruzika, tupa tena. Kikipita salama, ndipo alipoliingiza bomba kwenye kisanduku kikuu, akalikaza kwa pete ya shaba, akapima kwa kidole mara ya pili. “Afadhali kichubuke kidole changu,” alisema bila kufumbua macho. “Waya ukichubuka hapa, chuma chote kinakuwa na umeme.” Siku ya nne taa ziliwaka, tukaagana.

Jumapili asubuhi, theluji imejaa mlangoni, fundi akapiga hodi tena. Alikuwa amepanda mabasi mawili kutoka kwake Kingstanding, upande wa pili wa mji. “Samahani, mama,” aliniambia. “Bomba la chumba cha watoto, sikumbuki kama nililipima mara ya pili.” Mama mkwe wangu, Bi Nunu, alicheka ndani ya blanketi lake. “Fundi, taa si zinawaka?” “Zinawaka, bibi.” Akazima umeme wote, akafungua kisanduku, akasogeza nyaya, akafumba macho. Akakizungusha kidole kwenye mdomo wa bomba. Alipokitoa kidole alikitazama kwenye mwanga wa dirisha. Hakikuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja. Akafunga, akawasha, akaomba radhi kwa usumbufu. Bi Nunu, asiyemwinukia hata daktari, aliinuka akamshikia koti.