Kompyuta Ilisema Niko Stoo, Mimi Niko Juu ya Lori

Kompyuta ilisema nimeingia stoo ya dawa saa kumi jioni.

Saa kumi ile mimi nilikuwa juu ya lori, njiani kwenda Ruangwa, namuwahi mama yangu mgonjwa kule kijijini Chunyu.

Sasa niambie, ningekuwaje sehemu mbili?

Ilikuwa Julai 2004. Nilikuwa mtunza stoo kwenye zahanati ya shirika moja Nachingwea. Jina la shirika naliacha. Wafadhili walituletea kompyuta kutoka kwao Ulaya, na programu yake ndani. Kabla hujafungua stoo unaandika jina lako na namba ya siri. Saa inajiandika yenyewe.

Siku hiyo Dokta Eustace, bosi wetu, alichungulia dirisha la stoo saa tisa na nusu, akaiona katoni ya kwinini. Saa kumi na moja akachungulia tena, haipo.

Hapo katikati kompyuta ilikuwa na jina moja tu.

Habibu. Yaani mimi.

Narudi toka Chunyu, polisi hao getini.

"Dokta, mimi niliingia stoo saa tisa, nikaondoka! Muulize dereva wa lori!"

"Dereva ni shemeji yako," akasema. "Mashine haina shemeji."

Polisi wakanichukua.

Mahabusu, mke wangu Hajra alikuja, akashika nondo za mlango.

"Baba Mwantumu, kama uliichukua sema tu. Nimechoka kusemwa kisimani."

Aisee, iliniuma kuliko ile sakafu niliyolalia.

Aliyeniamini alikuwa mmoja, Sista Winfrida, nesi wetu. Alikuwa ananiletea ugali na kisamvu, huku analia.

"Kaka Habibu, mimi najua hujaiba. Najua kabisa."

Nikatoka kwa dhamana. Kazi hakuna, salamu hakuna. Hajra, pamoja na wasiwasi wake, ndiye aliyesikia kuna fundi wa kompyuta kaja toka Masasi, anaitwa Kipriani. Akamfuata mpaka gesti alikofikia, akamng'ang'ania.

Kesho yake tukaingia wote ofisini.

"Dokta, andika jina lako," Kipriani akasema.

Dokta akaandika. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne asubuhi. Ile ya pembeni ya kioo cha kompyuta, saa nne pia.

Kipriani akafungua kumbukumbu. Dokta Eustace, saa tano.

Dokta akaitazama tena saa ya ukutani.

"Huko ilikotengenezwa," fundi akasema, "kikifika kiangazi chao wanasogeza saa mbele, saa nzima. Sisi hatuna mambo hayo. Lakini programu hii msipoiambia, inajiamulia kwamba mnayo. Saa mnayoiona ni sahihi. Ikienda kuandika, inaongeza. Mngeijaribu Januari, kwao ni baridi, msingeona kitu."

Dokta akashika kichwa. "Habibu, nisamehe ndugu yangu."

Hajra akaanza kulia. Na mimi nikaanza.

"Basi tuwarudishe wote saa moja nyuma," Kipriani akasema.

Mimi nikarudi saa tisa, kabla Dokta hajaiona katoni.

Jina la chini yangu nalo likarudi. Tulidhani huyo aliingia saa kumi na moja na nusu, wakati wa kutafuta, katoni imeshapotea. Kumbe aliingia saa kumi na nusu.

Winfrida.

Alikuwa amesimama mlangoni. Hakukimbia.

"Kijijini Narung'ombe watoto walikuwa wanaisha," akasema taratibu. "Kule dawa hakuna. Mtoto wa dada yangu alishaanza degedege."

"Na mimi je, Winfrida? Ulinileteaje ugali kila siku, na neno usiseme?"

Akainama.

"Kompyuta ilishakutaja. Nikaona ni Mungu amenificha."

Alifukuzwa, akafungwa. Nilidhani nitafurahi.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, mwanamke mmoja alipiga hodi kwangu. Dorotea, dada yake Winfrida. Akanipakatisha mtoto bila maelezo mengi.

"Ndiye huyu wa degedege," akasema.

Mtoto akashika kifungo cha shati langu, akakivuta, akacheka. Nilitaka kumchukia Winfrida, mama yake mdogo. Nikashindwa.

Ndugu zangu, mashine ikimtaja mtu, ulizeni kwanza nani aliipangia saa.

Na wewe unayeujua ukweli, kupeleka ugali hakutoshi. Sema.