Kusubiri Lango la Mwenzangu

Nilipomaliza shule, wenzangu wote wa darasa walianza chuo mwezi wa pili, mimi nikabaki nyumbani St Marys, pembeni mwa Sydney, na mfuko mkubwa wa vifaa vya hoki ulionuka jasho hata ukianikwa juani kutwa. Mama aliupiga marufuku ndani ya nyumba. Ukakaa nyuma, karibu na kamba ya nguo, na wageni wakitoka kupunga upepo waliuliza kama kuna paka amekufa.

Mimi ni kipa wa hoki ya barafuni. Najua inavyosikika. Baba ni Mtaita na Mama ni Mkamba, walihamia Sydney nikiwa na miaka minne, na nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu hakuna kati yao aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake. Katika koo zote mbili hakuna aliyewahi kusimama juu ya barafu kwa hiari yake. Mimi nilifika huko kwa sababu ya sherehe. Msichana mmoja wa darasa letu alitimiza miaka kumi na mmoja, wazazi wake wakatupeleka kwenye uwanja wa barafu. Nilianguka mpaka suruali ikalowa chapachapa. Tulipokuwa tunavua viatu, paki, kile kijisahani cha mpira mgumu wanachopiga wachezaji wa hoki, kiliruka kutoka upande wa pili kikanigonga kwenye goti. Sikukwepa. Mwanamke mmoja Mkanada aliyekuwa akifundisha pale akaja kuniangalia kama nimeumia, kisha akaniuliza, "Kwa nini hukukwepa?"

Nikamwambia sikufikiria kukwepa.

Akacheka. Akaomba kuongea na wazazi wangu. Ndiye aliyekuwa kocha wangu kuanzia siku hiyo.

Miaka kumi na mmoja ni kuchelewa, na kocha hakunificha. Kwao, alisema, msichana anavaa viatu vya barafu akiwa na miaka minne. Akifika kumi na minne au kumi na tano anapelekwa shule ya bweni yenye uwanja wake. Akiwa na kumi na sita vyuo vya Marekani vimeshamtia jicho, na akitimiza kumi na minane anaingia. "Wewe huwezi kuwakimbilia," aliniambia. "Lakini kipa huiva polepole. Vyuo haviogopi kumchukua kipa wa miaka kumi na tisa, hata ishirini." Maneno hayo niliyashika kama mtu anavyoshika chuma cha treni ikikata kona.

Sydney barafu ni chache na timu za wasichana ni chache zaidi. Nilifanya mazoezi na wavulana alfajiri, Baba akinipeleka kabla ya kuingia kazini ghalani. Alikaa kwenye viti vya watazamaji amejifunika blanketi, akisinzia. Paki ikigonga ukuta alishtuka na kupiga makofi, hata kama nilikuwa nimefungwa.

Mwaka wangu wa mwisho wa shule, kocha alituma video zangu kwa vyuo kadhaa. Kimoja kilijibu, chuo kidogo cha kaskazini mwa Marekani. Kocha wao, mwanamke mwenye sauti ya upole, alipiga simu ya video asubuhi moja. Baba alivaa shati la kanisani na kaptura, akakaa karibu nami akiomba Mungu asitakiwe kusimama. Mama alikuwa nyuma ya simu, asionekane, bado na sare zake za hospitali.

"Kipa wetu mkuu anamaliza mwaka huu wa masomo," yule kocha alisema. "Nafasi yake tunakuwekea wewe. Njoo mwezi wa nane."

Kisha akatueleza sheria yao. Ukimaliza sekondari unapewa mwaka mmoja wa kujiandaa. Ukipitisha hapo, unaanza kukatwa misimu yako minne ya kucheza. Na ukijiandikisha kwa masomo ya muda wote kwenye chuo chochote, popote duniani, saa ya kuhesabu misimu yako inaanza kukimbia.

"Muulize," Mama akaninong'oneza, "kwani ukianza uuguzi hapa huku ukisubiri, kuna ubaya gani?"

Nikauliza. Kulikuwa na ubaya. Basi nafasi ya uuguzi niliyokuwa nimepata hapa Sydney nikaomba iahirishwe mwaka mmoja, nikaajiriwa duka la viatu karibu na stesheni, nikaanza kusubiri.

Sikujua kwamba kusubiri kunachosha mwili. Asubuhi barafu, mchana kupiga magoti mbele ya miguu ya watu, jioni chumbani. Jumapili kanisani ndiyo ilikuwa ngumu zaidi.

"Siku hizi uko wapi, mama?" akina anti waliniuliza.

"Niko tu nyumbani, anti."

"Nyumbani? Unafanya nini?"

Nikieleza, walinisikiliza mpaka mwisho, halafu wakamgeukia Mama na kumshika mkono kama aliyefiwa.

Joto lilipozidi, mtambo wa kugandisha barafu ukaharibika, uwanja ukafungwa kwa wiki nyingi. Nilivaa kinga zote, za miguu, za kifua, helmeti yenye wavu, nikasimama uani mbele ya ukuta, jua likiwaka. Baba alinirushia mipira ya tenisi kwa mkono wa kushoto kwa sababu bega la kulia lilikuwa limeharibika kwa kubeba maboksi. Jirani alichungulia juu ya ua, akatutazama, akarudi ndani. Ndani ya ile helmeti nilisikia pumzi yangu tu. Nilitamani kuivua na kulala kwenye nyasi. Lakini kila nikimtazama Baba akiokota mipira, mgongo umepinda, nilijua siwezi kuwa wa kwanza kusema imetosha.

Mwezi wa nne simu ikaja tena. Yule kipa wao mkuu alikuwa ameamua kubaki. Angeanza shahada nyingine, na alikuwa bado na msimu mmoja wa kucheza.

"Ni mwaka mmoja tu," kocha wao alisema. "Utapoteza msimu mmoja, lakini utakuja ukiwa umekomaa zaidi. Wengi wanaingia na miaka ishirini siku hizi."

"Sawa," nikasema. "Hakuna shida."

Nilitabasamu mpaka simu ikakatika, na hata baadaye tabasamu halikunitoka. Nilikaa kitandani nikiwaza. Nikianza chuo hapa, mlango wa kule unajifunga. Nikikataa hapa, wa kule wenyewe haujafunguka. Nilikuwa na miaka kumi na minane na afya njema, na hakuna upande niliokuwa na ruhusa ya kuendea.

Nikaanza kumchukia yule kipa. Msimu wao ulipoanza, nilitazama mechi zake zote kwenye simu, nikimwombea afungwe. Hata kanisani nilimwombea afungwe. Alidaka vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayepokea sahani mezani. Siku moja nikamwandikia kwamba mimi ndiye niliyepaswa kusimama pale aliposimama. Nilidhani atanipuuza. Akanipigia simu.

Nilimuuliza moja kwa moja, "Kwa nini hujaondoka?"

Akacheka kidogo. "Niende wapi?" akasema. "Nimeanza hii kitu nikiwa na miaka mitano. Huko juu, kwenye hoki ya kulipwa, nafasi za wanawake zinahesabika, na mimi si mzuri kiasi hicho. Siku nikivua hizi kinga mara ya mwisho, nitaamka asubuhi nifanye nini?"

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Pole," akasema. "Najua nimekaa mahali pako."

"Ni mahali pako pia," nikamwambia, na nilishangaa kwamba nilimaanisha.

Baada ya hapo sikuweza tena kumwombea mabaya, na ikawa vigumu zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mwaka ukaisha. Mwezi wa kwanza, chuo cha hapa kikanijulisha kwamba hakitaahirisha tena: nianze mwezi wa pili au nafasi iende kwa mwingine. Mama alikuwa jikoni anakata sukuma wiki nilipomwambia.

"Unataka nini?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nataka kucheza."

"Sikukuuliza kama unataka kucheza. Hilo najua, nimenusa ule mfuko miaka minane." Akaweka kisu chini. "Mimi nilipofika nchi hii nilikuwa muuguzi, nikaosha wazee mpaka karatasi zangu zikakubaliwa. Niliumia. Lakini nilijua ni mpaka lini. Walinipa tarehe. Wewe, mwanangu, hawajakupa tarehe. Wanakupa 'mwaka mmoja tu'. Hicho ndicho kinaninyima usingizi."

Asubuhi iliyofuata nilimpigia kocha wa Marekani mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Nilimuuliza: mwezi wa nane ujao, nafasi ni yangu, ndiyo au hapana?

Alivuta pumzi. Alikuwa mtu mwaminifu, hilo nampa mpaka leo. "Siwezi kukuahidi," alisema. "Tunamwangalia msichana mwingine pia. Ni mdogo kuliko wewe, na ana misimu yote minne. Lakini usikate tamaa, subiri mpaka majira ya kuchipua."

"Basi naomba uniondoe," nikasema.

"Unasema?"

"Uniondoe kwenye wale mnaowafikiria. Asante kwa kila kitu."

Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, alikuja akakiweka mbele yangu, chai yake mwenyewe, akatoka nje. Nilimsikia akiwasha gari na kuliacha lingurume bila kwenda popote.

Kocha wangu hakunielewa. "Umesubiri mwaka mzima," aliniambia uwanjani, "huwezi kusubiri kidogo tena?"

"Kidogo ni kiasi gani?"

Akaingia chumba cha kunolea vyuma vya viatu vya barafu, akafunga mlango. Kwa wiki kadhaa aliniongelesha mambo ya mazoezi tu. Halafu siku moja akaniuliza masomo yanaendaje. Nikamjibu kwamba ni magumu, akasema, "Vizuri," na tukaendelea.

Nilidhani nikisema hapana nitajisikia nimefunguliwa. Haikuwa hivyo. Darasani nilikaa na watoto waliotoka shule juzi, tukijifunza kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza, na nikajiona mzee nikiwa na miaka kumi na tisa. Jumamosi jioni nilicheza na timu ya wanawake, wengi wao akina mama wanaotoka kazini, na nilipenda mchezo uleule kwa namna ambayo sikuipenda nikiwa nasubiri. Lakini kulikuwa na siku nilifika mpaka mlango wa uwanja, nikasikia paki ikigonga ukuta, nikarudi nyumbani.

Mwezi wa kumi nilikuwa kwenye treni kuelekea hospitali kwa zamu ya mafunzo. Ilikuwa Jumamosi asubuhi huku, Ijumaa jioni kule. Nikafungua mechi ya kile chuo kwenye simu. Yule kipa wao wa zamani alikuwa ameondoka hatimaye. Aliniandikia kwamba anafundisha watoto hoki mji wa kwao na bado hajui aamke asubuhi afanye nini. Langoni alikuwa msichana nisiyemjua, wa miaka kumi na minane, ana wasiwasi, anagonga nguzo za lango kwa fimbo kila mara kuhakikisha bado zipo. Paki ya kwanza ilimpita. Ya pili akaidaka. Akaitazama ndani ya glavu yake kana kwamba haamini.

Alikuwa mzuri. Nilimtazama mpaka nikainua kichwa na kuona treni imepita kituo changu. Nikashuka kilichofuata, nikapanda ngazi, nikavuka upande wa pili, nikasimama na sare yangu mpya kusubiri treni ya kurudi.