Picha ya Mzenga haikutoka kwenye kamera ya Hajra

Saa mbili asubuhi, nyuma ya duka la mbolea karibu na soko la Mlandizi, Hajra Hamidu anatundika kitambaa cha bluu ukutani na kukivuta mpaka mikunjo iishe. Anaweka stuli mbele yake. Anafuta lenzi kwa upindo wa kanga, kisha anasimama kusubiri.

Mteja wa kwanza ni mwanamke wa makamo anayetaka picha za pasipoti za fomu ya kikundi cha mikopo. Hajra anamkalisha, anamnyanyua kidevu kwa kidole kimoja, anarudi nyuma hatua mbili.

"Usicheke, mama. Hizi hazitaki meno."

"Nalipa, na kucheka ninyimwe?" Mama anafunga mdomo, lakini macho yanamganda Hajra usoni. "Hivi wewe si ndiye yule binti wa Mzenga? Uliyemwanika bibi harusi?"

Mwanga wa flashi unapiga.

"Nne ni elfu tatu," Hajra anasema. "Na si mimi."

"Basi, mwanangu, yaishe. Mimi nimeuliza tu."

"Wote mnauliza tu."

Mama akishaondoka, Hajra anaikagua picha kwenye kioo kidogo cha kamera, anaiona iko sawa, anaketi kwenye stuli ileile. Anasema ana hasira, na kwamba hasira hiyo imekuwa ikiamka naye kila siku kwa miezi mitatu.

Hajra ana miaka ishirini na minne. Kwao ni kijiji cha Janga, Kibaha, na shule aliiacha darasa la tano, mwaka ambao baba yake alianguka kutoka kwenye mnazi na mama akahitaji mikono mingine shambani. Kamera aliinunua kwa fedha ya bamia ya misimu miwili, shilingi laki tatu na themanini. Aliyemuuzia ni Anselmi, mpiga picha wa kumbi za harusi za Maili Moja, aliyekuwa anahamia kamera kubwa.

"Aliniambia, 'Hii ni ya kuanzia, dada. Usiende nayo ukumbini, watakucheka.' Nikaenda. Wakanicheka kweli."

Kamera yenyewe ina betri moja na lenzi moja. Flashi haifunguki mpaka uichokonoe kwa ukucha. Maelekezo yake yote yako kwa Kiingereza, ambacho Hajra hakijui, kwa hiyo alijifunza kwa kuhesabu. Mara tatu chini, mara moja kulia, umanjano wa taa unapungua. Mara mbili juu, picha ya gizani inakuja na chembechembe kama mchanga. Alikosea mara nyingi, na kila alipokosea alianza upya.

Ukumbini hakuwa na lake. Wapiga picha wanaume walimsukuma kwa viwiko, na lenzi zao ndefu kama chupa za chai. Lakini Hajra aligundua jambo moja ambalo hawakuwa nalo na hawataweza kulinunua: ruhusa ya kuvuka mlango wa chumba cha ndani.

Katika chumba hicho ndimo bibi harusi husuguliwa singo, mchanganyiko wa liwa na manukato wa kulainisha ngozi, siku chache kabla ya ndoa. Anakaa kwenye kigoda amejifunga kanga, mabega wazi, nywele wazi, wanawake wanamzunguka kwa nyimbo na vicheko ambavyo mume mwenyewe hatavisikia. Familia nyingi zilitaka kumbukumbu ya siku hiyo. Zilikuwa hazina wa kumwamini.

Hajra aliaminika. Kwa shughuli moja alilipwa shilingi elfu sabini, na kwa mwezi wa kawaida alipata shughuli nne, kutoka Pangani ya Kibaha na Mlandizi hadi ng'ambo ya Kisarawe. Alijiwekea sharti ambalo hakulazimishwa na mtu. Kabla ya kutoka chumbani alichomoa kadi ya kamera na kumkabidhi somo, yaani mwanamke aliyemfunda bibi harusi. Kesho yake waliongozana kwenda kusafisha picha, wakikaa bega kwa bega. Zikishatoka, kadi ilifutwa mbele ya macho ya somo.

"Kamera yangu ilitoka mle tupu kama sufuria iliyooshwa," anasema. "Kila somo wa huku anajua."

Alhamisi moja ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani na msimu ambao harusi hufuatana kama siafu, Hajra alipanda bodaboda kutoka Mlandizi kwenda Mzenga, wilayani Kisarawe. Ni mwendo wa zaidi ya saa nzima, na alifika nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Bibi harusi aliitwa Rahma. Somo wake alikuwa Bi Mwanamvua, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye Hajra alikwisha kufanya naye kazi mara tatu.

Shughuli ilikwenda vizuri. Hajra alipiga, wanawake wakacheza, Rahma akacheka mpaka akalia. Mwishoni alichomoa kadi akamkabidhi Bi Mwanamvua, naye akaifunga kwenye pindo la kanga.

Ijumaa baada ya swala, simu ikaita. Alikuwa Bi Mwanamvua. "Njoo, mwanangu. Na kamera uje nayo."

"Nilidhani wanataka nyingine," Hajra anasema. "Nilichaji betri, nikaenda nacheka."

Chumba kilekile kilikuwa na wanawake wapatao arobaini, wamekaa mkekani. Aliwaamkia wakubwa. Shikamoo yake haikuitikiwa.

Mama yake Rahma alimsukumia simu. Kwenye kioo kulikuwa na Rahma juu ya kigoda, singo imemkauka mabegani, nywele zimemwagika mgongoni. Picha hiyo ilikuwa imezunguka kwenye simu mpaka ikamfikia kaka yake bwana harusi. Upande wa mume ulikuwa umetuma ujumbe asubuhi hiyo: kama mke wetu ameshatazamwa na bodaboda wote wa Kisarawe, ndoa ya Jumamosi ya nini?

"Tulikukaribisha ndani," mama yake Rahma alisema. "Umekula wali wetu. Umetuuza kwa shilingi ngapi?"

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," mmoja akadakia kutoka nyuma, na wengine wakaguna kukubali.

Hajra ni mtu wa kusema kwa sauti ya chini. Nyumbani humtania kwamba akiita mbuzi, mbuzi humuuliza mara mbili. Siku ile alibaki anaitazama picha kwa kuwa hakuweza kuzitazama nyuso.

Ndipo alipoona.

Pembeni mwa picha, kushoto, palikuwa na goti lililopigwa chini. Juu ya goti kanga ya kijani. Juu ya kanga mkono uliokunjwa, mkanda mweusi, na nusu ya uso iliyojificha nyuma ya kamera.

"Huyu ni nani?" Hajra aliuliza. Hawakumsikia, akarudia. "Jamani, huyu hapa ni nani? Si mimi? Nimepiga goti, nampiga picha Rahma. Sasa kama mimi niko humu ndani ya picha, aliyeshika simu akatupiga wote wawili ni nani?"

Simu ilipita mkono kwa mkono. Wanawake arobaini walikuwa wameitazama picha ile tangu asubuhi, na wote walikuwa wameona mabega tu.

"Labda ana kamera mbili," mmoja alisema.

"Mbili, na mikono minne?" mwingine akamjibu, na kicheko kidogo kikatoka kikafa.

Kisha bibi mmoja mzee, aliyekaa karibu na ukuta, akauliza jambo ambalo kila mtu alikuwa amelifikia tayari moyoni. "Imepigwa kutokea mlangoni hii. Mlangoni alikaa nani?"

Hajra anasema vichwa viligeuka vyote kwa pamoja, vikamtazama Bi Anifa, shangazi yake Rahma, dada mkubwa wa baba. Bi Anifa alikuwa anajipepea kwa ncha ya mtandio. Simu yake ilikuwa mapajani, kifudifudi.

Asiyejua nafasi ya shangazi katika nyumba hizi anaweza kudhani mambo yaliishia hapo. Shangazi ndiye baba aliyevaa kanga. Posa haipokewi kabla hajatoa neno, na mwari hatoki ndani bila baraka yake. Kumwaibisha mbele za watu, tena siku moja kabla ya ndoa, ni kuiwekea ndoa laana.

Hajra hakuwa shangazi wa mtu pale. Alikuwa binti wa Janga aliyekuja kwa bodaboda.

"Hapa hatutafuti nani alikaa wapi," mama yake Rahma alisema, na kuichukua simu. "Kamera ibaki. Wewe nenda."

Hajra alimgeukia Bi Mwanamvua. Alijua, na Bi Mwanamvua alijua, kwamba kadi yenye picha zote za siku ile ilikuwa bado imefungwa kwenye pindo la kanga yake. Neno moja tu lilitosha. Somo akainamisha kichwa, akaanza kuchambua uzi wa mkeka.

"Pale ndipo nilipoumia," Hajra anasema. "Wale wengine hawanijui. Yeye ananijua."

Kabla usiku haujaingia, upande wa mume ulikuwa umepewa taarifa: mpiga picha ameshughulikiwa na kamera amenyang'anywa. Wakaridhika. Jumamosi ndoa ikafungwa, pilau likaliwa.

"Ndoa ile nimeilipia mimi," Hajra anasema. "Waandike hivyo kwenye cheti."

Kamera ilikaa Mzenga siku kumi na tisa. Kati ya shughuli sita alizokuwa amewekewa mwezi ule wa harusi, tano zilivunjika, na ya sita hakuwa na cha kupigia. Jina lake lilifika kabla yake kila alikokwenda. Siku ya ishirini bodaboda alimletea kiroba cha unga. Ndani yake kulikuwa na kamera, kadi iliyofutwa, na noti mbili za elfu kumi zilizokunjwa ndani ya karatasi iliyoandikwa: ya soda.

Alizirudisha noti kwa bodaboda yuleyule. "Nikamwambia, waambie mimi sina kiu."

Alipofuatwa Mzenga kwa ajili ya habari hii, Bi Mwanamvua hakukana chochote. Alizungumza akiwa anapeta mchele, bila kuinua macho. "Nilijua si yeye, kadi nilikuwa nayo mimi. Lakini Anifa ni shangazi. Nikasema huyu mtoto ni mgeni, atapanda bodaboda yake, yatakwisha." Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Kumbe kwake hayajakwisha."

Bi Anifa alipatikana kwa simu, na sauti yake ilikuwa ya uchangamfu. "Mimi nilifurahi mtoto wetu kapendeza, nikaweka kwenye status ndugu waone. Nilijua mimi kwamba kila mtu anaichungulia? Nilipoambiwa nikafuta. Sasa huyo binti hasira za nini? Kamera si karudishiwa?"

Alipoulizwa kama yuko tayari kumwomba radhi, alicheka kwa muda mrefu. "Nimwombe radhi yule? Mdogo kuliko kitinda mimba wangu? Labda kama kuna mila mpya huko Kibaha."

Aliyeomba radhi ni mmoja tu. Wiki mbili baada ya harusi, Rahma alimtumia Hajra ujumbe mfupi: nisamehe dada najua si wewe, ila usinijibu. Hajra hakujibu, na hajaufuta.

Siku hizi, kwa picha za pasipoti, siku nzuri humpa elfu kumi na tano, na akishatoa gharama za kusafishia hubaki na chini ya nusu. Anselmi amemshauri aiuze kamera, anunue cherehani. Mama yake amemshauri aache kisirani, kwa kuwa dunia haijawahi kumlipa mtu kwa kununa.

"Si kununa," Hajra anasema. "Nataka yasemwe palepale yaliposemwa. Mkeka uleule, watu walewale. Walinitukana arobaini, halafu wananipoza kwa siri kwenye kiroba cha unga? Hapana. Na chumba cha ndani nitarudi. Kazi ile ni yangu."

Simu yake inaita. Ni mwanamke wa Pangani, Kibaha, ambaye binti yake Wema anasuguliwa singo Jumamosi. Amesikia maneno yote ya Mzenga, anasema, na amesikia pia habari ya lile goti kwenye picha. Anamtaka Hajra.

Hajra anasimama. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inasikika mpaka barabarani.

"Nitakuja, mama, ila nina sharti. Mlangoni liwekwe beseni. Simu zote ziingie humo kabla sijaitoa kamera kwenye begi."

"Za mabinti sawa, mwanangu, hao ndio wenye mambo. Lakini wakubwa? Shangazi yake Wema anatoka Chalinze, ndiye aliyepokea posa. Nitamwambiaje yule aweke simu kwenye beseni kama mtoto wa shule?"

"Ya shangazi ndiyo ya kwanza, mama," Hajra anasema. "Akikataa, unijulishe mapema, nisipoteze nauli."