Visahani vya Maabara Sokoni

Jecinta Wakiuru alipewa kazi ile kwa sababu hakuwapo mkutanoni. Siku hiyo alikuwa amempeleka mamake kliniki ya macho. Aliporudi chuo kikuu alasiri, akakuta wenzake wamekubaliana wote kwamba yeye ndiye awe afisa wa usalama wa utafiti wa jeni.

"Hongera," mmoja alimwambia, huku akitazama kando.

Huo ulikuwa mwaka wa 1985. Jecinta alikuwa mhadhiri kijana wa elimu ya vijidudu, wa kwanza kwenda kusoma ng'ambo kutoka mstari wao wa nyumba za Baraza la Jiji pale Shauri Moyo. Wenzake wengi waliishi katika nyumba za chuo. Yeye alibaki mtaani kwa sababu mamake, Teresiah, alikataa katakata kuhama. Hapo ndipo alipozeeka na jirani zake, alisema, na hapo ndipo kanisa lake lilipo.

Kamati ya usalama iliundwa kwa sababu wafadhili wa ng'ambo waliidai. Profesa Kimeu alikuwa amepata fedha zao kutafuta chanjo ya ndigana, ugonjwa uliokuwa ukimaliza ndama wa wafugaji. Kazi yake ilikuwa kuchukua kipande cha jeni kutoka kwa kijidudu cha ugonjwa huo na kukipandikiza ndani ya bakteria, ili bakteria hao wakizaliana nacho kizaliane. Kwa kuwa bakteria waliokipokea hawatambuliki kwa macho, walitiwa pia jeni ya kustahimili dawa ya penisilini. Hivyo, dawa ikitiwa, wale waliopandikizwa hubaki hai na wengine hufa.

Ilikuwa kazi nzuri, na Jecinta aliiheshimu. Alichokitaka ni kimoja tu: kitu chochote kilichoguswa na bakteria hao kisitoke maabara kabla ya kuchemshwa ndani ya mtungi wa mvuke hadi kila chenye uhai kife.

Mtungi wenyewe ulikuwa umeharibika.

Alimwendea Profesa Kimeu. Profesa, mtu mchangamfu asiyekosa kumkaribisha mtu kiti, alimwambia aonane na idara ya ukarabati. Ukarabati wakasema kipuri kinasubiri idhini ya msajili wa fedha. Msajili akasema hawezi kuidhinisha bila neno la kamati. Kamati nayo haikuwa imekaa hata mara moja, maana mwenyekiti alikuwa Uropa, na mjumbe mwingine alidhani alishajiuzulu.

"Kwa hivyo taka zinaenda wapi?" Jecinta alimuuliza Kimeu.

"Chege, fundi wangu, anazimwagia jiki ya kuua vijidudu. Usijisumbue, Daktari. Bakteria wenyewe ni dhaifu, wamefugwa maabara miaka na miaka. Nje hawawezi kuishi."

"Nani amepima?"

"Wiki ijayo tutaliangalia hilo," Kimeu akasema, na kumfungulia mlango kwa adabu.

Wiki ijayo hiyo ilikuwa imeahidiwa mara nyingi mno. Jecinta alirudi nyumbani akiwa amekunja uso hivi kwamba mamake alimuuliza kama amefutwa kazi.

Jumamosi alitumwa kununua bizari kwa Ruqiyo, jirani waliyezoea kumwita Mama Yonis, aliyeuza viungo na majani ya chai mbele ya nyumba yake. Ruqiyo alimkaribisha kwa furaha. Alikuwa amepata vyombo vipya na alitaka vionekane. Iliki, mdalasini na bizari vilikuwa vimepangwa ndani ya visahani vya plastiki, vyembamba, angavu kama kioo, kila kimoja na kifuniko chake.

Jecinta alikiinua kimoja. Pembeni mwa kifuniko palikuwa na wino mwekundu uliofifia, alama ya maabara ya Kimeu.

"Umevitoa wapi hivi, Mama Yonis?"

"Soko la Gikomba, kwa Ngigi wa plastiki. Vizuri, eh? Nzi haingii."

"Uliviosha?"

Ruqiyo alikunja uso. "Mwalimu, unaniuliza mimi kama naosha vyombo? Maji ya moto na sabuni. Kwani vina nini?"

Jecinta alitafuta neno lisilomtisha mtu na lisilo uongo, akalikosa. "Vimetoka chuo. Vilikuwa na vijidudu. Pengine havidhuru, lakini havikufaa kufika hapa. Naomba nivichukue vyote, na viungo vyake nilipe."

Wanunuzi wawili waliokuwa wamesimama hapo wakatazamana, wakaenda zao bila kununua kitu.

"Umeona sasa?" Ruqiyo alisema kwa sauti ya chini, ameudhika. "Kesho mtaa mzima utasema nauza ugonjwa. Nyinyi ndio mmetupa, mimi ndiye naaibika."

Jecinta alilipa, akavikusanya visahani vyote pamoja na viungo vyake. Alikwenda moja kwa moja hadi Gikomba. Ngigi, mchuuzi aliyenunua plastiki kutoka kwa waokotaji wa jalalani, alimwonyesha gunia zima. Vingine vilikuwa bado na ule utelezi ambao bakteria hulishwa, umekauka na kushikamana chini kama uji uliosahauliwa. Alilinunua gunia, akalifunga vizuri, akalibeba hadi chuo mchana ule ule. Akaomba nafasi katika maabara ya jirani na kuanza kupima.

Visahani vya Ruqiyo na viungo vyake vilikuwa safi. Lakini katika vile vyenye utelezi, baadhi ya bakteria waliamka na kustawi, tena ndani ya penisilini. Walikuwa wale wale wa Kimeu.

Jumatatu asubuhi alimpelekea Kimeu visahani vya matokeo juu ya sinia. Kimeu alivaa miwani, akavigeuza kimoja kimoja.

"Chege," hatimaye alisema. "Nilimwambia awe mwangalifu."

Chege, fundi wa maabara, alikuwa mlangoni. Alisogea mbele. "Uliniambia kazi isisimame, Prof. Jiki iliisha, nikaomba nyingine, nikaambiwa ningoje. Ningeviweka wapi? Vilijaa mpaka kwenye korido, nikavipeleka jalala la chuo."

"Kosa si la Chege," Jecinta alisema. "Anayeongoza utafiti ndiye anayebeba usalama wake. Nami kazi yangu ni kuusimamisha utafiti usipokuwa salama. Nimeusimamisha."

"Huwezi! Nina chembe zinazokua humo!"

"Ziweke kwenye friji. Nafunga leo."

Akafunga kwa kufuli aliyoinunua mwenyewe. Kabla ya chakula cha mchana mkuu wa kitivo alikuwa amemwita.

"Dada yangu," mkuu alianza, kwa ule upole wa mtu aliyeudhika, "sheria zile tulizipitisha ili wafadhili waridhike. Hukutarajiwa kuzitumia."

Jecinta aliinuka. "Basi naomba, mzee, tufuatane Shauri Moyo umweleze hivyo jirani yangu. Wateja wamemkimbia. Mwambie tulikuwa tunaridhisha wafadhili."

Mkuu hakwenda. Aliyekwenda ni Kimeu, siku mbili tatu baadaye, baada ya hasira kumpoa. Alikaa kwenye stuli ya Ruqiyo, akanywa chai yake mbele ya mtaa mzima, na kueleza kwa sauti kwamba viungo vilipimwa na ni salama, na kwamba kosa ni lake.

"Ni kosa lako kweli," Ruqiyo alimjibu. "Mtu akifuga mbwa mkali, hufunga geti. Wewe hata geti hukuwa nalo." Kisha akamwongezea chai.

Fedha za kipuri, zilizokosekana muda wote ule, zilipatikana ghafla. Mtungi ulitengenezwa kabla ya muhula kwisha. Jalala la chuo lilizungushiwa ua, na Chege akatengewa chumba cha kuweka taka zinazosubiri kuchemshwa. Kamati nayo ikakaa kwa mara ya kwanza, ikabishana asubuhi nzima, na jambo la kwanza waliloafikiana ni kwamba Jecinta aendelee. Safari hii alikuwapo, akapinga, na hakuna aliyemsikiliza.

Wateja wa Ruqiyo walirudi mmoja mmoja, wengi wao kuelekea Ramadhani. Na Jecinta mwenyewe hakusamehewa upesi. Kwa muda mrefu Ruqiyo alimuuzia bizari bila maongezi, na Teresiah akamlaumu bintiye kwa kumharibia ujirani wa miaka. Kimeu naye alimsalimu kwa ubaridi, ingawa alianza kuwatuma wanafunzi wake kwa Jecinta kabla hawajagusa chochote.

Mwaka uliofuata mtafiti mpya alikuja ofisini mwake na mpango wa kupandikiza jeni kwenye bakteria wa udongo. Alikuwa na michoro mizuri, na akaanza kuieleza akiwa bado amesimama.

"Keti kwanza," Jecinta alimwambia, akavuta kiti. "Tuanzie mwisho. Ukimaliza, taka zako zinaenda wapi?"

Mtafiti alitabasamu. "Hilo tutaliangalia wiki ijayo."

"Basi nawe rudi wiki ijayo," Jecinta akasema.