Mlima Usio na Makomamanga

Nilikubali kwenda Himalaya kwa sababu nilidhani nakwenda kununua makomamanga. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akaningojea ushujaa ambao sinao.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa mshika stoo wa kampuni moja ya barabara pale Nizwa, Oman. Kazi yenyewe ilinifaa sana: stoo haiendi popote, na mwenye funguo zake haendi popote. Kasoro yangu ilikuwa Kiarabu. Sisi tuliotoka Unguja tulikuja na Kiingereza cha skuli na Kiswahili cha nyumbani, Kiarabu tukakiokota njiani, kipande huku, kipande kule. Mtu akisema nami haraka, nilikuwa nadaka neno moja ninalolijua, mengine nakisia.

Siku moja mkubwa wa afisi yetu, mtu wa Nizwa khasa, akasimama mlangoni pa stoo akanimiminia maneno mengi, na mwisho wake nikasikia: "Tsir wiyahum al-jabal?" Yaani, utakwenda nao mlimani? Alikuwa akiwakusudia wahandisi wetu wa Kizungu, ambao kila Alkhamisi walikuwa wakipanda majabali kwa kamba, na kila Jumamosi wakirudi kazini wamechunika magoti.

Sasa, ukiwa unakaa Nizwa, mlima ni mmoja tu. Al-jabal, bila ya jina, ni Jabal Akhdar ulioko juu ya vichwa vyetu, ambako hutoka mawaridi, jozi na makomamanga. Na ulikuwa ni msimu wa makomamanga. Mke wangu alikuwa ameshalalamika mara mbili kwamba ya sokoni yamekauka. Nikajibu, "Hadhir!" yaani, niko tayari. Mkubwa akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, akaniombea dua ndefu. Nikaona ni dua kubwa kidogo kwa safari ya matunda, lakini nikaitikia amin.

Alkhamisi nikaenda nyumbani kwa kiongozi wa wapandaji, Mskochi mmoja mrefu hata akiingia mlangoni huinama kama anarukuu. Nilichukua vikapu vyangu viwili vya makuti. Akavitazama kwa furaha, akavigeuza, akavipima uzito kwa mkono. "Vizuri sana," akasema. Mezani palikuwa na ramani kubwa. Nikautafuta Jabal Akhdar nisiuone. Nikauliza, "Bwana, sisi hapa tuko wapi?"

"Sisi hatumo," akasema. "Hii ni Nepal."

Ndipo nikaelezwa, kwa Kiingereza, polepole. Mlima wenyewe ulikuwa umepita mita elfu saba. Watu sita watapanda: wahandisi wanne na maafisa wawili wa jeshi, Waomani. Wa saba atakuwa mtunza vyakula na vifaa, na mkubwa wa afisi amewahakikishia kwamba mshika stoo wake amekubali papo hapo, bila hata kuuliza swali. Jina langu lilikuwa limeshapelekwa kwenye barua ya kuomba ruhusa. Nikanywa chai yao, vikapu vyangu vipo miguuni.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikifikiria jambo moja, nalo si baridi wala urefu. Nilikuwa na ahadi. Tulipohama Unguja, nilitangulia mimi peke yangu, na mke wangu akabaki miaka miwili kwa mama yake akingoja karatasi. Alipofika Maskati na sanduku lake moja, nilimwapia pale pale kiwanja cha ndege: sitasafiri tena bila ya wewe, hata kwenda Sur hapo pwani. Na kwa kusema kweli, ahadi ile niliipenda mimi kuliko alivyoipenda yeye. Ilinifaa kila mahala. Harusi Sur? Siwezi, nimeapa. Wageni Ibra? Ningekuja, lakini mnaijua ahadi yangu. Watu walinisifu kwa mapenzi, kumbe nilikuwa mvivu wa safari tu. Sasa mvivu yule yule alikuwa amejikubalia Nepal.

Mke wangu alikuwa barazani anapepeta mchele.

"Makomamanga yako wapi?"

"Hayakupatikana."

"Mlima mzima?"

"Hatukwenda mlimani."

"Ah. Mlikwenda wapi?"

"Bado hatujakwenda. Tutakwenda mwezi wa tatu."

Akauweka ungo chini. "Mwezi wa tatu kuna makomamanga?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na nikamwambia kwamba nitakwenda kwa Mskochi nikajitoe. Hakugomba. Alisema tu, "Mwite aje ale chakula hapa. Mtu haambiwi maneno kama hayo na njaa."

Basi Ijumaa ile Mskochi akaja, akakaa chini kwenye mkeka, akakunja miguu yake kwa shida, akala pilau kwa mkono kama mtu wa nyumbani. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia la jikoni pamoja na jirani yetu. Jirani huyu lazima nimweleze. Alikuwa bibi mmoja mwenye asili ya huku huku Oman lakini mzaliwa wa Tabora, aliyekaa na mumewe Moshi wakiuza duka hata wakahamia Nizwa. Nyumba yake na yetu ukuta mmoja. Hodi alikuwa hapigi. Ukimwona ujue ameshaingia, ameshakaa, na ameshaonja mchuzi.

Nikajikaza. "Bwana," nikasema, "mimi nilipokubali nilidhani mlima huu wetu. Vile vikapu vilikuwa vya makomamanga."

Mskochi akaacha kutafuna. "Nilidhani ni vya mizigo ya wapagazi," akasema. "Nimeshaagiza thelathini mfano wake."

Nyuma ya pazia nikasikia jirani anakohoa kikohozi ambacho si cha ugonjwa.

"Na jambo la pili," nikaendelea, kwa kuwa aibu ilikuwa imeshafika na haikuwa na haja ya kuipunguza, "mimi si mtu wa kwenda. Mimi ni mtu wa kukaa. Hata juu ya dari kwangu sipandi ila kuanua nguo."

"Hilo nalijua," akasema. "Afisi nzima inalijua. Ndiyo maana nikakutaka wewe. Safari iliyopita tulikuwa na mtunza vyakula hodari, kijana mwenye nguvu. Siku ya tatu naye akataka kufika kileleni. Tuliporudi chini, hema la jiko limeanguka, kunguru wamekula biskuti zote, na hakuna hata wa kutupa chai. Wa kupanda ninao sita. Wa kukaa sina."

Pazia likafunguka. Mke wangu akatoka, buibui lake kalitupia begani, na Kiingereza chake cha darasa la saba kimenyooka kama rula.

"Atakaa wapi?"

"Chini ya mlima, mama. Kambini."

"Siku ngapi?"

"Kama arubaini."

"Na hatapanda?"

"Akipanda, nitamfukuza."

Mke wangu akanigeukia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wallahi, wamekupata! Watu wamesoma, wamezunguka dunia, wanatafuta mtu wa kukaa tu, wamempata kwangu!" Kisha akasema, akiwa bado anacheka, "Ahadi yetu ilikuwa ya kusafiri. Wewe huendi kusafiri, unakwenda kukaa. Nenda."

Hivyo ndivyo nilivyopewa ruhusa. Nilifurahi, sikatai. Lakini pilau iliyobaki kwenye sahani sikuimaliza. Mtu umeshika ahadi miaka yote ile kama yai, halafu mwenzio anakuachia kwa kicheko kimoja! Nilitaka aniruhusu, ndiyo, lakini nilitaka aniruhusu kwa taabu kidogo. Kuanzia siku ile nikawa namchungulia kumwona kama atahuzunika. Ilikuwa miezi mitano, na kila siku alikuwa na utani mpya.

Viatu vilipokuja, Mskochi aliniambia nivivae kila siku ili vilainike. Vilikuwa vizito, vyekundu, virefu mpaka juu ya kifundo. Nikavivaa na kanzu. Msikitini nilivivua mlangoni, navyo vikakaa kati ya makubadhi ya watu kama mbuzi wawili walioingia kwenye banda la kuku. Nilipotoka nikawakuta wazee watatu wamevizunguka wanashauriana. Nyumbani mke wangu akaniuliza kama vimeswali pia.

Koti la manyoya nililijaribu barazani, na ingawa ulikuwa mwezi wa kwanza, jua la Nizwa halina mwezi wa kwanza. Nilikaa ndani yake muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Jirani akaja, akanizunguka.

"Jamani, huyu amekuwa godoro," akasema. "Hebu mlaze tumkalie."

"Bibi, wewe umekaa Moshi," nikamwambia. "Niambie barafu ya mlimani ikoje."

"Sema theluji. Nyie watu wa visiwani kila kitu cha baridi mnakiita barafu. Barafu inauzwa, theluji haiuzwi."

"Basi theluji ikoje?"

"Nitajuaje? Miaka kumi na minane nimeuangalia mlima ule kutoka dukani, na haikutokea siku nikakosa unga nikasema labda upo kule juu."

Mke wangu akacheka, akamtilia kahawa. Mimi nikamtazama usoni. Hamna huzuni. Amenawiri.

Vyakula ndiyo ilikuwa kazi yangu, na hapo, nasema bila ya kuona haya, nilikuwa bwana. Nilitandaza kila kitu uani. Mskochi aliniletea supu za unga, chokoleti, nyama ya kopo na maziwa ya kopo. Mimi nikaongeza tende za Ibra, ndimu kavu, mchele na bizari. Shemeji yangu wa Sur, ambaye hakunisamehe harusi yake, aliniletea papa mkavu vipande kumi na barua fupi: "Kwa kuwa Sur hufiki, Sur inakuja nawe." Papa yule nilimfunga kwa nailoni mara tatu, na bado paka wa mtaa mzima walihamia kwetu. Mizigo ikapimwa kilo thelathini kila mmoja, kwa kuwa ndiyo inayobebwa na mpagazi mmoja, na kila mzigo nikauandikia kilichomo kwa Kiingereza, na pembeni kwa Kiswahili, ili nisije nikapotea mwenyewe: huu wa ubavuni mwa mlima, huu wa mwisho, huu usifunguliwe kabla ya baridi kali.

Mke wangu alikuwa akinisaidia kushona magunia. Alikuwa akishona upesi na kuimbaimba. Siku moja nikashindwa, nikamuuliza, "Wewe hutanikumbuka?"

"Kukukumbuka vipi? Nitakuwa na nafasi kwenye mkeka." Akakata uzi kwa meno. "Siku arubaini nitapika ninachotaka. Nitapika bamia."

Mimi bamia sili. Nilikwenda nikakaa stoo.

Asubuhi ya kuondoka, jua limeshapanda kwenye mitende, gari ya Mskochi ikaja mpaka mlangoni. Maboksi na magunia yalikuwa yamekwishatangulia kiwanja cha ndege tangu juzi. Mimi nilikuwa nimevaa vile viatu, kwa kuwa havikuenea kwenye begi. Majirani wachache walitoka. Mkubwa wa afisi naye alikuja, akanisomea dua ile ile, na safari hii nilifahamu kila neno, nikaiona fupi.

Nikamuaga mke wangu ndani, kwa adabu, maana jirani alikuwa jikoni kama kawaida. Akanipa mkono. "Usije ukainuka kujikuna ukaanguka," akasema. "Na ukae kama ulivyozoea, usije ukatuaibisha." Akacheka.

Nikatoka. Nikafika garini, nikakumbuka miwani. Nikarudi. Miwani nilikuwa nimeivaa. Akaniambia hivyo, akacheka. Nikatoka tena, nikafungua mlango wa gari, nikaona ni vizuri nimweleze namna bomba la uani linavyokazwa. Nikarudi. Alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha, mkono ukutani, na akaniambia bomba lile analikaza yeye tangu tuhamie. Mskochi akapiga honi kidogo, kwa heshima. Nikatoka mara ya tatu, nikapiga hatua nne au tano, viatu vyangu vinalia kwenye changarawe, na nikarudi tena. Mara hii sikuwa hata na sababu. Nilisimama mlangoni nimeshika fremu kwa mikono miwili, nikimtazama namna anavyotabasamu, na nikifikiria kwamba mwanamke huyu kwa kweli anataka bamia.

Jirani akatoka jikoni na kijiko mkononi, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema: "Ondoka, mwanangu, ondoka! Mwenzio tangu alfajiri anataka kulia, na wewe kila akianza unamrudia!"