Niliinua gari ili mama akubali kupanda: rimu 18, springi za kubahatisha, na fundi aliyeniuliza kilo za mama yangu

Wakuu, shikamooni wanaostahili, na wengine wote salamu.

Leo nimefunga duka mapema nina kisa. Nitasema yote, hata pale nilipofanya ujinga. Atakayecheka acheke tu, mimi mwenyewe nimeshacheka.

Naitwa Twaha, mtu wa Old Kampala, nauza vitambaa kwenye duka la marehemu baba. Nina hasira za karibu, mke wangu Sauda ni shahidi. Gari yangu ni Forester ya zamani, na naipenda kupita kiasi.

Sasa shida ilianzia kwa mama.

Mama ana miaka sabini na kitu, na nyonga yake iliharibika alipoteleza bafuni. Mdogo wake, mama mdogo Zuhura, anakaa shambani ukishapita Mityana, na kipande cha mwisho cha njia ni murramu, udongo mwekundu usio na lami, mawe na mashimo matupu. Mama mdogo naye magoti yamekataa, hapandi taksi wala basi.

Hawa wawili wanapigiana simu kila siku baada ya alasiri. Wanacheka weee, halafu mwisho wanalia.

Mara ya mwisho nilipompeleka mama, springi zilikuwa zimechoka. Kila shimo tumbo la gari linagonga chini, na mama anashika mlango anasema "Ya Rabbi!" Tuliporudi nyumbani akaniambia kwa upole kabisa, "Twaha mwanangu, gari yako sipandi tena."

Angenigombeza ningejua la kujibu. Ule upole ndio uliniuma.

Zikapita Idi mbili hawajaonana. Watu wazima hawa, wakuu. Nikawa nikisikia simu ya alasiri natoka nje.

Nikasema basi, hii gari naiinua.

Hapa ndipo ujinga unapoanza, kaeni vizuri.

Badala ya kuuliza wanaojua, nikaanza kuangalia picha mtandaoni. Nikaona gari kama yangu imekaa juu, imevaa rimu kubwa, nikachanganyikiwa. Nikanunua rimu 18 na tairi 235/55. Fundi mmoja akaniambia springi hakuna haja ya kununua, anaweka raba katikati ya mikunjo ya springi zile zile, gari inanyanyuka.

Wenye kujua mmeshashika kichwa. Mimi nilifurahi!

Gari ilipotoka ilikuwa inaita. Jirani zangu wa duka wakatoka kuipiga picha. Nikazunguka mtaani mara tatu bila sababu, dirisha wazi, mkono nje.

Nikaona kabla sijambeba mama, nijaribu njia na Sauda kwanza. Kwenda, hakuna kilichogusa. Ilikuwa ngumu tu, Sauda akasema afadhali angekaa kwenye boda. Nikamwambia hajui off-road.

Kurudi sasa.

Wakuu wa nchi nyingine niwaeleze. Huku Uganda hutoki shambani kwa ndugu mikono mitupu, haiwezekani. Mama mdogo alitupakia mikungu mitano ya matooke, gunia la makaa, mafenesi mawili, viazi vitamu na jogoo. Ukikataa umemtukana.

Hatujafika lami, shimo la kwanza, nikasikia krrrrr. Tairi za nyuma zinasaga fenda. La pili, krrrrr. Nikikata kona, za mbele nazo zinalia. Harufu ya raba ikajaa ndani, na jogoo anapiga kelele huko nyuma.

Nikasimama. Nikakasirika, nikapiga teke tairi, nikaumia kidole.

Mwisho tukagawa mikungu minne kwa watu wa kando ya njia ili gari ipumue. Habari ikamfikia mama mdogo kabla sisi hatujafika Kampala, nani alimwambia sijui mpaka leo. Simu yake ilikuwa fupi: "Kumbe matooke yangu ni ya kugawa barabarani?"

Banange! Nilitaka kuwakutanisha, sasa nimegombana na mmoja.

Mteja wangu mmoja, Mkongo anayenunua vitenge kwangu, akaniambia niende Namuwongo, kuna fundi wa kwao anaitwa Bahati, mtu wa Bukavu, kazi yake ni springi na shokapu tu. Nikaenda. Gereji yenyewe ni kibanda cha mabati karibu na reli, na mwenyewe yuko chini ya gari anaimba nyimbo za kwaya.

Akatoka, akaizunguka gari yangu. Akaniuliza inaenda kubeba nani. Nikamwambia mama yangu.

Akasema, "Kaka, mama yako iko na kilo ngapi?"

Wakuu, damu ilipanda. Mtu hata jina langu hajui anauliza kilo za mama yangu! Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikaingia kwenye gari, nikaondoka. Nilipofika barabara kubwa nikapita tuta kwa kasi. Krrrrr.

Nikageuza.

Bahati alikuwa ananingoja amekaa kwenye tairi, hana hata kinyongo. Akasema, "Weye unapima gari ikiwa mutupu. Ku shamba unarudiaka mutupu?"

Nikazima gari, nikashuka. Hayo ndiyo yalikuwa makosa yangu yote, kayasema kwa pumzi moja.

Akanieleza pole pole. Raba katikati ya springi inanyanyua gari ikiwa imesimama, lakini haiongezi nguvu ya kubeba mzigo. Na pale palipowekwa raba springi haijikunji tena, ndiyo maana mgongo unapigwa. Ukipakia, gari inashuka pale pale, na lile tairi pana linakutana na fenda.

Kwa hiyo tukaandika orodha ya kilo. Mimi, Sauda, mama (nilikadiria, Mungu anisamehe, na mama asione uzi huu), mikungu mitano, makaa, mafenesi, viazi. Jogoo, Bahati akasema tumuache.

Ushauri wake ulikuwa huu: rimu 18 niziuze. Roho iliniuma, acheni tu. Nirudi kwenye rimu 16 na tairi 215/70. Kimo cha tairi nzima ni karibu sawa na lile la rimu 18, lakini ni jembamba, na raba yake ya pembeni ni nene, inameza mawe. Halafu springi ndefu pande zote, za nyuma ziwe na nguvu zaidi kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Shokapu ndefu za kuendana na springi hizo. Na zile raba za kuzuia gurudumu lisipande mpaka mwisho, aweke nene zaidi.

Tukafunga. Mimi nikadhani tumemaliza. Bahati akacheka.

Akaleta magunia ya mchanga, akapima kila gunia, akajaza nyuma. Akachora chaki kwenye fenda, akapima nafasi juu ya tairi. Akapandisha gurudumu moja la mbele kwenye tofali, akaniambia nikate usukani mpaka mwisho, kulia, kushoto. Kimya. Hakuna kinachogusa.

Halafu akamuita Mama Neema, anayeuza samaki wakavu pale mlangoni. Akamuomba akae kiti cha mbele awe mama yangu. Mama Neema akafuta mikono, akapanda kwa raha zake kama bibi harusi, akafunga mkanda.

Tukapita ile njia mbovu ya kando ya reli. Tairi hazigusi kitu. Lakini Mama Neema akapiga mkono kwenye dashibodi: "Simama! Hii gari ni nguvu sana, inapiga. Mama ya mutu ataumia mugongo."

Nikataka kubisha. Bahati akamsikiliza yeye, mimi hakuniangalia kabisa. Akatoa springi za nyuma, akaweka nyingine, laini kidogo kuliko zile. Tukapakia mchanga tena, tukaenda tena. Safari hii Mama Neema alikuwa anapigia watu mkono dirishani. Wanawake wa pale wote wakaanza kuomba zamu ya kupima springi. Nilicheka mpaka nikatoa machozi.

Jumamosi iliyofuata asubuhi nikaegesha mbele ya mlango wa mama. Akaangalia gari, akaniangalia mimi.

"Nani kakwambia naweza kupanda ghorofa?"

Wallahi sikuwa nimefikiria hilo! Gari imepanda, nyonga haipandi. Sauda akakimbia ndani akarudi na kigoda cha jikoni, akakiweka chini ya mlango. Mama akakanyaga, nikamshika kiuno, akakaa. Akafunga mkanda, akasema, "Haya, bismillahi, twende."

Mpaka Mityana nilikuwa naendesha huku jasho linanitoka. Tukaingia murramu. Shimo la kwanza nikafumba jicho moja. Gari ikazama, ikanyanyuka taratibu. Mama alikuwa anasimulia habari za ndoa ya jirani, na hakukata hata neno.

Mama mdogo Zuhura alikuwa amekaa barazani. Alipoona nani anashuka, akasahau magoti, akasahau na hasira ya matooke. Sitaelezea sana. Walishikana mikono, na mimi nikajifanya nakagua tairi.

Wakati wa kuondoka tulipakia kila kitu, tena mikungu ilikuwa sita. Mama mdogo akasema ngoja ajaribu kukaa tu ndani aone dada yake alikaaje. Tukamuwekea kigoda. Akakaa kiti cha nyuma. Akajitingisha kidogo. Akamwambia mjukuu wake, "Niletee mtandio wangu na dawa zangu."

Nikapiga hesabu ya kilo kichwani. Nikashusha gunia la makaa na mafenesi yote mawili, na mama mdogo akaja Kampala. Krrrrr sikuisikia hata mara moja.

Wakuu, nilichojifunza: kabla hujachagua springi na tairi, jua gari itabeba nini siku itakapokuwa imejaa kabisa, na nani atakaa ndani. Kisha mpe kiti yule mwenye mgongo mbovu kuliko wote, umsikilize. Picha za mtandaoni zifuate baadaye.

Ninavyoandika hapa wapo sebuleni wote wawili, wiki ya pili sasa, na simu ya alasiri haipigwi tena. Wanabishana nani alipika pilau vizuri zaidi mwaka gani sijui.

Na jana wamenipa amri mpya: wanataka niwapeleke Mombasa kwa ndugu, kwa gari hii hii. Wakuu wa Kenya na wote mliowahi kuendesha mpaka huko, nishaurini. Kiti cha mbele kimoja, na wote wawili wanakitaka.