Chupa Niliyokataa Kuinusa

"Mwizi mkubwa wewe! Unatuuzia maji ati petroli!"

"Punguza sauti, Haitham. Hapa pana watu wazima."

"Sipunguzi! Nataka wasikie wote!"

Ndo mimi huyo, jama. Asubuhi, mbele ya banda la Mzee Mmanga pale Jadida, nimeinyanyua chupa juu kama mtu alokamata jini. (Majina nimeyageuza, mnielewe.)

Ndani ya chupa, juu petroli, chini maji. Maji yenyewe ya njano njano.

"Haya, njano hii n'nini kama si kutu ya mapipa yako?"

"Kutu? Mapipa yangu ya plastiki, baba. Hebu inuse hiyo chupa."

"Ninuse nini? Macho nnayo!"

Watu wakacheka. Nikaona nimeshinda.

Talib wa bodaboda, alokuwa keshafungua tangi ajaziwe, akalifunga. Akapiga kiki, akaondoka. Wengine wakamfuata.

Mzee Mmanga akabaki na faneli mkononi. Hakunitukana.

"Jina langu ndo hili hili, Haitham," akasema. "Sina jengine."

Mie huyo, nikaondoka zangu.

Sasa jama, nilikuwa nimechoka. Tangu nimalize skuli, rizki yangu ni kigari alichoniachia marehemu ami yangu, kizee kuliko mie. Napeleka abiria Micheweni.

Kila asubuhi kikiwa cha baridi, mchezo ule ule. Kinawaka, kinakohoa, kinazimika. Nikihangaika nacho mpaka kikapata moto, basi kutwa nzima safi. Kikilala kikapoa, yale yale.

Wateja wa alfajiri wakanihama.

Plagi nimebadilisha. Kabureta nimesafisha. Siku hiyo nikachomoa mpira wa petroli, nikakinga chupa, nikayaona maji. Kumbe usiku yanatuama chini ya tangi, asubuhi injini inayanywa yenyewe!

Mbio kwa Mmanga, maana petroli yangu yote nanunua kwake.

Nikarudi nyumbani kifua mbele, chupa mkononi. Bibi yangu, Bi Mwatima, ndo alonilea. Nikamkuta chumbani kwake, juu ya msala.

"Limewaka leo, baba?"

"Wapi, bibi. Limezimika tena."

Akasikitika mpaka akavua miwani. Akavuta jagi kutoka mvunguni.

"Basi leo n'tazidisha."

"Utazidisha nini?"

"Kombe, mwanangu. Mwalimu wa chuoni ananiandikia aya kwenye sahani kwa zafarani, naikosha kwa maji na marashi ya waridi. Ukenda zako msikitini magharibi, nalitia pale unapotia petroli. Gari lako lina hasadi hilo, watu wana macho! Kila ukinambia limezimika, nami nazidisha."

Zafarani. Maji ya njano.

Nikafungua chupa, nikaileta puani.

Waridi, yakhe. Limenukia ndani ya petroli kama chumba cha bi harusi.

Uso ukanishuka. Nikamwona Mzee Mmanga na faneli yake, kasimama peke yake.

"Vipi, baba? Nimekosea?"

Bibi na mguu wake mbovu, kila magharibi anajikokota mpaka kwenye gari kwa ajili yangu. Nimwambie nini?

"Hujakosea, bibi. Limeshapona. Usilitie tena, lisije likazidiwa na dawa."

"Alhamdulillahi!" Akacheka kama mtoto. "Mbona huketi ukanywa chai?"

"Nakwenda kwa Mzee Mmanga. Nna neno naye."

"Nisalimie. Mtu mwema yule, hana baya na mtu."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Nikakata shauri. Pale pale nilipopigia kelele ndo pale pale ntakaposema, mbele ya Talib na wote walocheka: maji niliyatia mie, kwa ujinga wangu. Wanicheke mie. Bibi simtaji.

Jama, kabla hujamwita mtu mwizi, nusa kwanza chupa yako mwenyewe.

Nikatoka, nikaurudisha mlango taratibu, nikashika njia ya bandani kwa Mzee Mmanga, chupa mkononi.